Watani wa Kwenye Simu

Tangu astaafu, mwalimu Bi. Ng'andwe hakumbuki sana masomo aliyofundisha kule Luanshya, mji wa migodi ya shaba. Anachokikumbuka ni utani. Enzi zile Mbemba akikutana na Mngoni, mtani wake, hata salamu hazijaisha, wameshaanza. "Mla panya!" "Tulia wewe, mla nyani!" Basi mnacheka mpaka mbavu zinauma. Siku zile zilikuwa tamu jamani, asikwambie mtu.

Ndiyo maana alikosea. Picha ya Tamanda Soko, binti wa Kingoni wa kidato cha pili, iliingia kwenye kundi la simu la darasa: amesinzia, mdomo wazi, kabandikwa mchoro wa panya mdomoni. Ng'andwe, Mbemba wa damu, akacheka. Tena akaandika, "Wangoni bwana, hata usingizini wanakula!" Kwake ulikuwa utani tu. Kufikia jioni picha zilikuwa thelathini, nyingi kutoka namba zisizo na majina. Tamanda akaacha shule, na mtihani umebakiza wiki mbili.

Siku ya nne Ng'andwe akaenda nyumbani kwa binti. Bibi yake Tamanda alikuwa uani anachambua mboga.

"Karibu, mla nyani. Leo umekuja kuiba nini?"

"Nimekuja kuhesabu panya wako, bibi."

Bibi hakucheka. "Wewe nakutania usoni, unanijibu. Mume wangu alipofariki, nani waliosugua masufuria na kutuchekesha msibani? Si nyinyi Wabemba? Sasa hao wa kwenye simu, nikifa watakuja kusugua sufuria gani? Hata sura hawana! Na wewe, mwalimu mzima, ukawaitikia."

Ng'andwe aliona aibu ambayo mpaka leo haijamtoka. Akaingia ndani, akaketi sakafuni karibu na binti.

"Mwanangu, nilikucheka. Nimekukosea."

"Nilijua na wewe ni mwenzao, mwalimu," Tamanda akasema, akaangua kilio.

Hakumwambia azime simu, wala ajikaze. Walizihifadhi picha zote na tarehe zake, wakampelekea mwalimu mkuu. Kisha Ng'andwe akaandika kwenye kundi lile lile: "Mimi niliyecheka naomba radhi. Mwenye utani na Tamanda asimame mbele yake amtanie, naye ajibiwe." Hakusimama mtu. Ila wavulana wawili walibaki darasani wakati wa mapumziko, wakakiri huku wameinamisha vichwa.

Jumatatu kipindi kimeshaanza, mlango ukafunguliwa.

"Wee mla nyani," sauti nyembamba ikasema, "kiti changu umekila?"

Ng'andwe akageuka, akabaki anafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Mwaka jana Ng'andwe alifiwa na mumewe. Waombolezaji wamejaa uani, mara akaingia mwanamke mwenye mtoto mgongoni, anawapangua watu kwa viwiko kuelekea jikoni.

"Nipisheni! Tangu lini wala nyani wakajua kusugua sufuria?"

Ng'andwe alikuwa hajacheka tangu mumewe alazwe. Alicheka pale pale mkekani, machozi yanamtiririka, akamwita Tamanda kwa jina.