Kitanda cha Buluu cha Ciru

Harufu ya thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, ikinipata popote, hata nikipita tu kando ya nyumba inayomaliziwa huku Ruiru ninakoishi sasa, mimi husimama kabla sijajua kwa nini. Kisha nakumbuka. Nina miaka tisa, nimesimama mlangoni mwa nyumba yetu ya Makongeni, Thika, namtazama baba akikwaruza kutu kwenye kitanda cha mtoto asiye wake.

Mtoto huyo alikuwa binamu yangu. Mamake, Tata Njeri, dadake baba, alikuwa amepata kazi ya nyumbani Saudia kwa miaka miwili. Alimleta kwetu kutoka Mwiki na sanduku moja la bati na kitanda cha chuma kilichokuwa kimenyeshewa nje misimu miwili ya mvua. Sisi sote wawili tuliitwa Wanjiru, jina la shosho yetu, mamake baba. Jioni hiyo hiyo mama aliamua kwamba, ili tusichanganywe, mgeni aitwe Ciru, kifupi cha jina hilo. Nilifurahi kubaki na jina langu, na sikufurahi tena mwezi ule mzima.

Baba alikuwa fundi wa rangi, na kwa ajili ya kitanda kile hakwenda kazini siku tatu. Kwanza alitupeleka hadwea, duka la vifaa vya ujenzi, akampa Ciru kadi ya rangi, akamwambia achague. Ciru aliitazama kadi kama mtu anayesoma barua. Baba, ambaye mimi alikuwa akinihimiza hata nikifunga kamba za viatu, alisubiri mikono ikiwa nyuma. Muuzaji akahudumia wateja watatu, baba bado anasubiri. Mwishowe Ciru akaweka kidole kwenye buluu. Mimi sikuulizwa kitu.

Tuliporudi, baba alikwaruza kutu yote kwa brashi ya waya, akasugua kwa msasa, akapangusa kwa kitambaa chenye thina. Alikuwa na msemo wake: rangi haifichi uchafu, inaufungia ndani. Akapaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kesho yake nyeupe, kisha buluu mara mbili. Nilizihesabu. Kitanda changu, alichonitengenezea mwenyewe, kilikuwa na vanishi iliyopakwa mkono mmoja tu, yaani mara moja, tena isiyoonekana.

"Na changu?" nikauliza.

"Chako ni mbao kavu ya saipras, na kinakaa ndani. Vanishi inakitosha. Hiki chuma kimeshaanza kuliwa."

Nilisikia maneno yale lakini hayakuingia. Nilichojua ni kwamba Ciru alipewa mikono minne ya rangi na mimi mmoja.

Baba aliporudi kazini, nilingoja Ciru atumwe maziwa, nikachukua mkebe wa buluu iliyobaki na kupaka ubao wa kichwani wa kitanda changu, juu ya vanishi, bila kuusugua hata kidogo. Rangi ilikaa vizuri kama saa moja. Kisha ikaanza kuteremka michirizi, vumbi likashika, na sweta yangu ya shule niliyokuwa nimeitupa pale ikagandia. Kesho yake, ukikwaruza kwa ukucha, rangi ilitoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Baba aliugusa ule ubao kwa kidole. Akauliza ni nani. Ciru ndiye aliyejibu, akiangalia chini.

"Ni mimi nilimwambia, Anko. Nilitaka vifanane."

Ningependa kusema kwamba nilimpenda kuanzia hapo. Sikumpenda. Nilimwonea wivu hata kwa uongo ule, kwa sababu baba alimwekea mkono kichwani, na mimi nikapewa msasa. Ciru alichukua kipande cha pili bila kuambiwa. Tulisugua siku mbili mpaka mbao ikaonekana tena.

Tata Njeri aliporudi, alikuja na pikapu, wakakipakia kitanda cha buluu na kurudi Mwiki. Baba akasogeza changu katikati ya chumba. Nafasi ile niliyoitaka miaka miwili niliipata yote, na sikujua la kufanya nayo.

Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, nilipoanza mimi pia kuamuliwa mambo na wenye nyumba na wakubwa wa kazi. Hakuna aliyemuuliza Ciru kama mamake aende. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kuja Thika, au kubadilishiwa shule, au kuachia jina alilozaliwa nalo ili nibaki nalo mimi. Baba peke yake ndiye aliyeliona hilo. Mwaka ule wote, kitu pekee Ciru alichoulizwa kilikuwa rangi ya kitanda, na mimi nilisimama kando nikiona amependelewa.