Vidonge vya Jioni

Kopo la dawa la dada yangu lilikwisha siku ileile lilipotakiwa kukwisha. Kila mwezi muuguzi alilitikisa, akachungulia ndani, akamsifu. Hata hivyo dada alizidi kukonda. Mwezi wa sita wa matibabu, muuguzi alinivuta kando, nje ya chumba cha mwisho cha hospitali moja ya Machakos, akaniambia kwamba damu ya dada ilikuwa damu ya mtu asiyemeza dawa. Akiendelea hivyo, alisema, hatauona mwaka ujao.

Nilikuwa mwalimu wa sekondari, nimetoka chuo kikuu karibuni, nikipanga chumba Mumbuni. Dada alikuwa amenizidi kwa miaka saba. Alishona mashati kiwandani huko EPZ Athi River, na mishono hiyo ndiyo iliyonisomesha. Ukimwi ulipomwangusha alirudi kwa mama, kijijini Ndithini, na mimi ndiye niliyembembeleza hadi akakubali kupimwa, siku zile dawa za kupunguza makali ya virusi zilipokuwa zimeanza tu kufika kwetu. Kwa hiyo maneno ya muuguzi yalinichoma. Nilimhukumu dada kabla sijamwuliza lolote. Niliamini kwamba alikuwa akivitupa vidonge chooni kwa sababu ya mhubiri mmoja aliyepita vijijini akidai kwamba kumeza dawa ni kukosa imani.

Ijumaa iliyofuata niliomba ruhusa shuleni, nikafika nyumbani bila taarifa. Ijumaa ilikuwa siku ya mwethya, kikundi cha wanawake waliochimbiana matuta mashambani kwa zamu. Walikuwa na kanuni moja isiyovunjwa: mgonjwa haachwi. Zamu yake ikifika, wenzake humchimbia kana kwamba yupo. Dada alipokuwa amelala hoi Athi River, na hakuna aliyejua kama angerudi, wanawake hao walimaliza matuta yote ya mama kwa jina lake.

Niliwakuta nyuma ya jiko, dada na wanawake watatu, majembe yao yameegemezwa ukutani. Kopo lilikuwa mapajani mwa dada. Alikuwa akigawa vidonge juu ya vipande vya karatasi ya daftari, kisha akikunja kila kipande jinsi wazee wanavyokunja ugoro. Kila mwanamke alipokea chake, akakifunga katika pindo la leso.

Nikakaa chini palepale, na nguo zangu za shule. Cha asubuhi alimeza yeye. Vya jioni walimeza wao, kwa zamu, kama walivyochimba. Dada alinieleza bila kuficha: wenzake nao wanaugua, na hospitalini hawataki kuonekana.

"Hawa walinichimbia nikiwa siwezi kusimama," alisema. "Sasa mimi nimeze peke yangu nikiwaangalia?"

Nikawapa somo. Niliwaeleza kwamba nusu ya dawa ni mbaya kuliko kutokuwa na dawa, kwamba virusi huizoea, kwamba dada atakufa na wao hawatapona. Niliwaambia waende hospitali wenyewe, kwa kuwa hospitali hutunza siri. Hapo mkubwa wao akacheka kidogo. Nilimjua tangu utotoni. Ndiye aliyetuuzia maziwa.

"Mwalimu," alisema, "siri yangu ilitoka hospitali na wewe."

Sikumwelewa. Ilibidi anikumbushe, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Miaka miwili nyuma, nikiwa likizoni, nilimsindikiza rafiki kung'oa jino. Nilimwona mama huyu kwenye benchi la chumba cha mwisho, kile cha Ukimwi. Nilipofika nyumbani nikamtaja kwa mama, kwa huruma, nikasema tumkumbuke katika maombi. Kisha nikasahau kabisa. Mama akalipeleka jina kwa kikundi chake cha maombi, nacho kikalifikisha kanisani.

"Niliombewa kwa jina," alisema, "nikiwa nimekaa pale benchi ya tatu. Watu wote wakafunga macho. Wakiyafungua, hakuna mtu alikuja tena kwangu kuchukua maziwa. Hata yale majibu ya hospitali sikurudi kuchukua. Mwili wangu ndio uliniambia."

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Alitazama mikono yake, nami nikatazama yangu. Nilikuwa nimekuja na hasira ya kumgawia mhubiri, na ujinga wa vijijini, na yeyote mwingine. Hadi leo, nikiwa na mvi, sijazoea kwamba mlango wa hospitali niliwafungia mimi, kwa sentensi moja iliyosemwa kwa upendo.

Mdogo wa wale watatu, mwenye ulimi mkali, ndiye aliyenijibu. Alisema wataenda, lakini na mimi. "Akae katikati yetu. Na asijifunike leso. Wachumba wamwone."

Wakacheka wote, hata dada. Nilikuwa niolewe Desemba.

Jumatatu nilikaa katikati yao. Mzazi wa mwanafunzi wangu alipita, akanisalimu kwa sauti; akainua macho kuusoma mlango uliokuwa nyuma yetu, akanisalimu tena, safari hii polepole. Nilitamani kueleza kwamba nimesindikiza watu tu. Mkono wa mama wa maziwa ulikuwa juu ya goti langu, nikanyamaza. Nilipoitwa niliingia, nikapimwa kama wao.

Baada ya majuma kadhaa ya vipimo na mafunzo, wote watatu walipewa dawa. Wiki hiyohiyo daktari alinieleza kuhusu dada. Virusi vyake vilikuwa vimeizoea dawa aliyokuwa nayo, na ile nyingine, ya kuibadilisha, ilikuwa haijafika kwetu. Nilimwuliza itafika lini. Alifungua jalada, akalifunga.

Nilipomfikia dada jioni ile alikuwa kwenye mkeka nje, jua likiwa bado juu ya matuta. Nilimwambia yote, kwa kuwa sikuwa na haki tena ya kuchagua nani ajue nini. Alisikiliza hadi mwisho.

"Wote wako na kopo?"

"Wote."

"Hata mama wa maziwa?"

"Hata yeye."

Akaomba maji. Akafungua kopo lake, akatoa kidonge cha jioni, akakimeza.