Doa Juu ya Bega la Fundi

Saa mbili asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajasukuma mlango, Mama Picha anafuta doa.

Ameketi mbele ya kompyuta yake ya zamani, miwani imeteremka hadi ncha ya pua. Kwenye skrini kuna picha ya mwalimu mstaafu aliyekuja jana kupiga picha ya kitambulisho. Juu upande wa kushoto, kwenye kitambaa cheupe cha nyuma, kuna alama ya kijivu iliyopinda kama ukucha uliokatwa. Anaielekezea kipanya, anabonyeza mara tatu, inatoweka. Anafungua picha inayofuata. Doa lipo palepale.

"Wengine huanza siku kwa chai," anasema bila kugeuka. "Mimi naanza kwa kufuta."

Doa hilo ni mkwaruzo kwenye kioo kidogo kilichomo ndani ya kamera, kile kinachopokea mwanga. Aliuweka mwenyewe miaka miwili iliyopita, alipojaribu kukisafisha kwa kijiti cha pamba ya masikio ili asimlipe fundi. Tangu siku hiyo kila picha inayotoka kwenye kamera yake huzaliwa na alama ileile, mahali palepale.

Kukibadilisha kioo hicho ni kazi ya nusu siku, na gharama yake ni mapato yake ya mwezi mmoja na nusu. Fedha hizo anazo tangu mwaka jana. Ila kamera haipeleki.

"Doa hili ndilo shahidi wangu," anasema. "Shahidi hapelekwi kufutwa kabla ya shauri."

Mama Picha ana miaka hamsini na mitano. Alianza kazi hii akiwa na thelathini na sita, kiwanda cha nguo alichokuwa akifanyia kazi kilipofungwa. Chumba chake kiko ghorofa ya chini ya jengo la maduka. Kina urefu wa hatua sita na upana wa hatua nne. Kuna stuli moja, taa mbili zenye miavuli, na kioo cha ukutani chenye kitana kilichofungwa kwa uzi kisiondoke na wateja.

Kabla ya kumpiga mtu picha, husimama nyuma ya kamera na kunyamaza kidogo. Wateja hudhani anapima mwanga. Nilipomuuliza, aliniambia kuwa huwa anaomba. Maneno yake ni machache, hayajabadilika kwa miaka kumi na tisa: "Mungu wangu, uso huu si wangu. Nisaidie kuutunza."

Kutoka katika maombi hayo ndiko ilikozaliwa kanuni yake ya kazi. Mteja akishachukua picha zake, Mama Picha huzihifadhi miezi mitatu, kwa ajili ya mtu atakayepoteza nakala. Mwezi wa tatu ukiisha, huzifuta zote. Anaamini kuwa picha ya mtu ni amana, na amana haikai kwa mwingine milele.

Kanuni hiyo ndiyo iliyomwingiza matatani.

Ng'ambo ya korido, mlango kwa mlango, kuna fundi viatu. Mwaka juzi binti yake alimwomba Mama Picha ampige baba yake picha akiwa kazini. Fundi alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, misumari mitatu midomoni, nyundo mkononi, kiatu cha askari magotini. Jirani mmoja akapita na kumtania kwamba kiatu kile kimetengenezwa mara nyingi hadi kinastahili pensheni. Fundi akacheka, msumari mmoja ukamdondoka. Mama Picha akabonyeza.

Binti alikuwa safarini, gari likimsubiri nje, akaomba atumiwe picha kwenye simu saa ileile. Mama Picha akaituma ilivyo, nzima, bila kuisafisha. Nakala ya kuchapwa, ile iliyotundikwa baadaye kwenye karakana ya Fundi, aliifuta doa kama kawaida.

Binti aliiweka picha mtandaoni akaandika maneno manne: "Baba yangu, mali yangu." Mtu akaishea, na mwingine naye akaishea. Hadi mwisho wa mwezi ilikuwa imepita katika kurasa ambazo hazikumjua binti wala baba, na watu zaidi ya elfu arobaini walikuwa wameipenda. Njiani maneno yale manne yalidondoka. Jina la mpiga picha halikuwahi kuwepo.

Miezi minne baadaye, bango lilisimamishwa kwenye njia panda karibu na jengo lao. Fundi alikuwa juu yake, mkubwa kama nyumba, akicheka. Mkononi, badala ya nyundo, alikuwa ameshikishwa mrija wa dawa ya kuchua. Pembeni paliandikwa: "Mgongo uliniua miaka kumi. Sasa nacheka."

Fundi hakuwahi kuumwa mgongo. Lakini watu walianza kumwita Bwana Dawa. Wengine walikuja na viatu vizima ili wapate tu kuuliza dawa ile inauzwa wapi. Mama mmoja alikuja na ngozi iliyobabuka mgongoni, akamlaumu kwamba aliuamini uso wake.

"Huyo mama ndiye aliyenimaliza," anasema Fundi, mtu mfupi mwenye sauti nzito. "Wale wengine nilikuwa nawajibu kwamba mgongo wangu hauna neno, kinachoniuma ni wao. Ila yule alikuwa analia."

Siku hiyohiyo alivuka korido. Mbele ya wateja watatu, alimuuliza Mama Picha swali moja: "Dada, uso wangu umeuuza bei gani?"

Mama Picha alimjibu kwamba hajauza kitu. Fundi akamwambia basi alete picha yenyewe waone ilikotokea. Alikuwa hana. Ilikuwa imefutwa mwezi mmoja kabla, kwa kanuni.

Kwa miezi saba Fundi hakumsalimia. Kilichomuuma zaidi Mama Picha ni kwamba jirani huyo alikataa hata kumshonea viatu. Alivirudisha kimya, vimewekwa juu ya gazeti mlangoni pake, soli bado imeachama.

Mama Picha aliiandikia kampuni ya dawa. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili aliiandika mara tano katika darasa la jioni anakosomea kompyuta, mwalimu akimsahihisha, hadi ikasimama vizuri. Ikajibiwa kwa mistari mitatu. Kampuni ilisema picha ilipatikana mtandaoni na haina mwenyewe anayejulikana. Kama yeye ni mwenyewe, alete faili asilia, lile lililotoka kwenye kamera, si nakala ya simu.

"Nilisoma neno hilo, asilia, nikakaa chini," anasema. "Faili hilo nilikuwa nimelifuta kwa mikono yangu, na nilifuta kwa uaminifu. Usiku huo sikuomba kushinda. Niliomba nionyeshwe tu pa kushika."

Asubuhi alipita njia panda kwa miguu. Kwa kawaida alikuwa akipita ameinamisha kichwa. Siku hiyo aliinua macho. Upande wa kushoto, juu ya bega la Fundi, kwenye ukuta wa karakana, palikuwa na alama ya kijivu iliyopinda. Kwenye kompyuta yake ni ndogo kuliko punje ya mchele. Kwenye bango ilikuwa kubwa kama sahani.

"Nilicheka peke yangu barabarani," anasema. "Mwanamke mmoja akamvuta mwanawe upande wa pili. Sikumlaumu."

Alilipiga bango picha kwa simu, akarudi, akaipiga karatasi nyeupe tupu kwa kamera yake. Kisha akavuka korido akiwa na kompyuta kifuani. Hakutoa salamu, maana alijua haitaitikiwa. Aliiweka juu ya meza ya viatu, akamwonyesha Fundi karatasi ile yenye doa, na pembeni yake picha ya bango. Akamweleza habari ya mkwaruzo.

Fundi aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akachukua nyundo yake, akamwonyesha pengo dogo kwenye uso wa chuma. Kila msumari anaoupiga hubaki na alama ya pengo hilo.

"Kiatu nilichokigonga mimi nakitambua hata nikikikuta jalalani," alimwambia. Halafu akaongeza: "Lete hivyo viatu vyako, dada. Umetembea vibaya vya kutosha."

Hayo ndiyo yalikuwa maombi yake ya msamaha. Mama Picha anasema yalimtosha.

Sasa shauri liko katika ofisi ya hakimiliki, na litasikilizwa tarehe kumi mwezi ujao. Wakili wa msaada wa kisheria anayewasimamia amewaonya kwamba kampuni itadai doa ni uchafu wa ukutani. Kwa hiyo Mama Picha amezunguka kwa wateja wa zamani kutafuta picha alizozituma kwa haraka bila kuzisafisha. Bidii yake imemponza tena, kwa sababu karibu zote ni safi. Katika nyumba thelathini na moja amepata moja tu, ya mama wa mapacha ambao hawakukubali kutulia. Doa liko palepale, juu ya kichwa cha pacha anayelia.

Ushahidi wa pili unapigwa leo. Saa nne Fundi anafunga karakana kwa nusu saa na kukaa kwenye kigoda kilekile, mbele ya ukuta uleule. Mama Picha ananyamaza nyuma ya kamera, midomo ikitikisika kidogo.

"Cheka basi," anamwambia.

"Mara ya mwisho kucheka niliuza dawa," anajibu Fundi, uso umekaza.

Mama Picha anacheka yeye, Fundi anashindwa kujizuia, na kamera inalia.

Anachotaka amekiandika kwenye daftari la darasani. Bango lishushwe. Kampuni itoe tangazo kwamba Fundi hajawahi kutumia dawa yao, nakala ibandikwe mlangoni pa karakana. Jina la mpiga picha litajwe. Kuhusu fidia, anasema atapokea itakayoamuliwa, lakini hakuiandika ya kwanza.

Kanuni yake ameirekebisha. Hafuti tena. Kila picha asilia anaiweka kwenye diski ndani ya sanduku la bati, na mteja anatia sahihi kwamba ameafiki itunzwe. "Amana bado ni amana," anasema. "Nimejifunza tu kwamba kuitunza si kuiteketeza." Shauri likiisha, Mungu akipenda, atapeleka kamera kwa fundi siku hiyohiyo.

Picha mpya inafunguka kwenye skrini. Fundi, kigoda, ukuta, kicheko. Mkono wa Mama Picha, kwa mazoea ya miaka miwili, unasogeza kipanya juu kushoto. Fundi, aliyesimama nyuma yake akichungulia kazi yake, anamshika kiwiko.

"Hilo usiliguse, dada," anasema. "Tunakwenda nalo."