Kompyuta Iliyosalimia Kila Namba

Miaka ile ya soko huria, wafanyabiashara binafsi walikuwa wakimiminika Ufipa kununua mahindi, na mimi nilikuwa nimerudi Sumbawanga na shahada ya uhandisi na mashaka mengi. Serikalini hapakuwa na nafasi. Mwenye kinu kimoja kule Malangali, tuliyemwita tajiri, alinichukua kwa majaribio. Nikiiwezesha mashine yake ya kukaushia nafaka ijiendeshe kabla mahindi kutoka Matai hayajaanza kuingia kwa wingi, kazi ni yangu. Nikishindwa, nirudi kulima ulezi na baba.

Mashine ilikuwa na mkanda uliopitisha mahindi chini ya kipimo kinachotumia umeme. Kipimo kilituma namba kwenye kompyuta, nayo ikaitia kwenye fomula ya kupata unyevu. Mahindi yakiwa mabichi, mlango hujifunga, nayo hurudi kukaushwa. Programu yenyewe niliitengeneza kwa kuchora: vijumba kwenye skrini, kila kimoja na kazi yake, vimeunganishwa kwa nyaya za rangi. Kwa kuwa kila zao lina fomula yake, niliweka nafasi ambamo mwendeshaji angeiandika mwenyewe, kama anavyoandika sentensi. Nilijivunia sana nafasi ile.

Tulipoijaribu, mlango ulichelewa. Mabichi yalipita, halafu ukajifunga na kuyarudisha makavu.

Tajiri aliokota punje, akaing'ata. "Mhandisi, mahindi yameshafika ghalani, kompyuta yako bado inawaza. Imekurithi wewe."

Wapakiaji walicheka. Nilicheka nao, kisha nikashinda nikijiuliza kama ule ulikuwa utani au barua ya kufukuzwa. Nilishuku kipimo, nikashuku jenereta iliyotupa umeme, nikashuku hata chuo nilichosoma.

Kesho yake alikuja mama mmoja wa Muze, aliyekuwa kibarua wa kuanika mahindi uani. Nilimwamkia, naye akaitikia kama watu wazima wa kwetu wanavyofanya: akachuchumaa, akapiga makofi taratibu, akauliza habari za nyumbani, za wazazi, za shamba, hadi zikaisha. Kisha akaanza kubeba madebe, akipita mbele ya meza yangu. Niliogopa asije akadhani usomi umenipotezea adabu. Kila alipopita nilisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akirudi, nasimama tena. Mwishowe alitua debe chini.

"We mwanangu, unaniamkia mimi au unaliamkia debe? Si tulishasalimiana asubuhi? Siku nikija na sura nyingine, hapo uanze upya. Sasa niache nifanye kazi!"

Wapakiaji walishika mbavu. Nilikaa, masikio yakiwaka moto, nikaikodolea macho skrini ili nisimtazame mtu. Hapo ndipo nilipokiona. Kile kijumba cha kusoma fomula nilikuwa nimekiweka ndani ya kitanzi, sehemu inayojirudia kila namba inapoingia. Kwa kila namba, kompyuta ilichukua maneno yote ya fomula, ikatafuta mabano, ikapambanua lipi la kuzidisha na lipi la kujumlisha, ndipo ikakokotoa. Halafu ikasahau yote, ikaanza upya. Na fomula ilikuwa ileile tangu asubuhi.

Nilikiburuta kijumba nje ya kitanzi. Sasa fomula ingesomwa mara moja, na matokeo ya kusomwa yangeingia kitanzini kwa waya mmoja. Ndani ingebaki kupokea namba na kutoa jibu tu. Nikaongeza kijumba kidogo cha kuuliza kama fomula imebadilika. Haijabadilika, endelea; imebadilika, isome upya.

Tajiri aliitwa. Mkanda ukazunguka, mahindi mabichi yakafika, mlango ukajifunga mbele yake, paa!

"Weka ulezi," aliamuru.

Niliandika fomula ya ulezi. Kompyuta ikasita kidogo, mara hiyo moja, kisha ikaendelea kama maji. Tajiri alikiangalia kiganja chake, kilichojaa ulezi mkavu aliouchota mwishoni mwa mkanda, akaumimina kwenye gunia.

"Kesho malori ya Matai yanaingia. Uje mapema, na uvae koti, maana kunapiga baridi."

Nilitembea kuelekea nyumbani nikiwaza kama "kesho" ilimaanisha kesho tu, au na siku zinazofuata. Nilipofika sokoni nilinunua koti la mtumba, zito, la kuvaa miaka.