Tablet zimefika shuleni, watoto bado wanachimba maji lagga

Ejok, habari zenu wakuu. Hii sijaambiwa na mtu, imenipata mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa primary huku Kakuma. Tulikuwa tumetoka Lodwar kwa training ya tablet. Tablet mpya kabisa, na solar juu ya paa. Bomba la maji? Sahau.

Shule yetu ni hivi: madarasa yanapeana zamu, na kwa zamu yenu kila mwanafunzi alete mtungi wa maji ya kupikia. Huna maji, unarudishwa ukachote. Na maji yenyewe ni ya kuchimba lagga, ule mto mkavu. Mtoto anaingia shimoni kwa mchanga anachota na kikombe.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya class five, ndio walikuwa huko. Jua kali, mbingu safi, hata kawingu hakuna. Mimi niko ofisini nabonyeza tablet.

Mara nikasikia ngurumo.

Mwalimu mwenzangu, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Kalobeyei, akauliza, "Ile ni malori, mwalimu?"

Wakuu, mimi nimezaliwa Lodwar, ngurumo hiyo naijua. Mvua ilikuwa imenyesha milimani huko mbali, na sasa lagga ilikuwa inakuja.

Nilikimbia mpaka kiatu kikabaki nyuma. Nikapiga kelele, "Tokeni! Tokeni!" Wengine walipanda ukingo wenyewe, wengine niliwavuta kwa mkono. Kisha maji yakafika, mekundu, yamebeba miti mizima.

Tukawahesabu. Mtoto mmoja, Akai, hayuko.

Nilikuwa nawaza mama yake tu, nitaanza kumwambia nini. Tukafuata ukingo tukimuita mpaka sauti zikakauka.

Tulimpata chini kwenye kona, hai, amekumbatia mizizi ya mti. Mkono mmoja umeshika mtungi.

Nikamuuliza, wee Akai, kwa nini hukuachilia huo mtungi?

"Mwalimu, nikirudi bila maji si mtanifukuza?"

Nilikaa chini nikalia mbele ya watoto.

Nimejifunza hivi: unataka kuboresha shule, anza na kitu kinachoweza kumuua mtoto. Hizo tablet zitangoja.

Wakuu, kwenu shule zinapata maji wapi? Semeni hapa chini, nitasoma zote. Nimemwambia headteacher tuache kutuma watoto lagga, akaniuliza chakula kitapikwa na nini.

Kesho ni zamu ya class six.