Mtungi wa Maji wa Wachuka

Ukisikia pikipiki ikipanda kilima chetu polepole, ikikohoa kama mzee aliyepigwa na baridi, usitoke nje kuangalia. Ni Wachuka. Anapeleka maziwa mjini Skuta, na amechoka, mwache apite.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mumewe, Ngatia. Mvua ya mwezi wa nne ilimwangusha, mguu ukavunjika, akawekwa chuma. Sasa anashinda mlangoni, mguu juu ya stuli. Wachuka, ambaye hata baiskeli hakuwahi kupanda, akajifunza pikipiki kwenye uwanja wa kanisa akiwa na gambuti miguuni. Jogoo hajawika, yeye ameshakama ng'ombe, amempikia mgonjwa uji, anapokea maziwa ya majirani. Ukimtazama asubuhi hiyo utadhani ni jioni, kwa uchovu.

Siku ya kwanza, akiteremka kuelekea mtoni, hofu ilimfanya abane klachi yote, injini isiweze kuizuia. Pikipiki ikajiendea kama ng'ombe aliyekata kamba, wakaishia mtaroni. Maziwa ya Wakiuru, jirani wa nyuma ya ua, yakamwagika yote. Mbwa wakafanya sherehe.

Wakiuru hakugombana. Kesho yake alileta nusu tu.

"Hii ingine nabaki nayo," alisema. "Tuone kwanza. Na ukimwaga tena, Wachuka, mimi nitapatia yule mnunuzi wa pikapu."

Majirani wengine wakasikia, nao wakaleta nusu. Huruma pia ilikuwemo. Walidhani mzigo mwepesi utamfaa. Lakini mtungi wa nusu hautulii. Ukikata kona, maziwa yanakimbilia upande mmoja, na yakirudi yanakuvuta nayo. Wachuka alipita kila kona akiburuta miguu chini. Akifika Skuta, vidole vilikataa kuachilia usukani.

"Klachi siku hizi unaachilia, nasikia mlio," Ngatia alimwambia jioni. "Sasa mbona bado unayumba?"

"Ni mitungi. Inacheza."

"Mimi nilikuwa napeleka ikiwa imejaa. Ikijaa haichezi."

"Basi enda uambie Wakiuru alete yote. Na huo mguu wako."

Ngatia akautazama mguu wake juu ya stuli. Kisha wakacheka wote wawili, kicheko kifupi cha watu waliochoka.

Asubuhi Wachuka alimimina maziwa yote kwenye mtungi mmoja, yakafika shingoni. Pikipiki ikaanza kulala upande huo. Kwa hivyo mtungi wa pili akaujaza maji ya tangi, akaufunga upande ule mwingine. Akawasha. Jameni, pikipiki ilitulia! Kona ya mtoni aliikata kwa gia ya pili, miguu juu ya vikanyagio vyake, na kwa mara ya kwanza akapata nafasi ya kuona kwamba chai ya watu imechumwa.

Jambo moja tu hakuwaza: ni nani atamwamini mpeleka maziwa aliyefika na mtungi wa maji?

Mburu, mwenye duka la maziwa huko Skuta, alianza kufungua ule wa pili.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni maji."

Foleni nzima ikageuka. "Ati maji!" mmoja akapaza sauti. "Huyu leo amesahau kuchanganya!"

Wachuka akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kucheka. Mburu akatumbukiza kwenye maziwa kile kipimo cha kioo kinachoelea, akatazama, akatumbukiza tena.

"Maziwa ni safi," akasema. "Lakini mama, maji usiniletee tena. Wateja wangu watasema nini?"

Habari zikafika nyumbani kabla yake. Simu haina matope ya kuikwamisha. Alimkuta Wakiuru langoni, mikono kifuani.

"Wachuka. Ni ukweli unabeba maji?"

"Ni ukweli." Hakuwa na nguvu ya kupamba maneno. "Mitungi ya nusu inaniangusha. Nikibeba maji naitwa mwizi, nikiacha naanguka. Kama ni yule wa pikapu, mpatie. Mimi nataka kukaa chini."

Akakaa hapo hapo kwenye nyasi.

Wakiuru akashusha mikono. "Kumbe ni sisi tunakuangusha," akasema. "Na utoe hiyo helmeti, unakaa kama uyoga."

Kesho yake Wakiuru alikuja na maziwa yake yote. Akaitangulia foleni ya majirani, akamimina mwenyewe. Wengine walipomuona, nao hawakubakisha. Mitungi yote miwili ikajaa hadi shingoni.

"Na ukimwaga..." Wakiuru akaanza, kisha akamsaidia kukaza mipira ya kufungia mitungi.

Mzigo ulikuwa mzito kama ule wa maji, na mwili ni ule ule wa jana. Wachuka akapiga stata, akaondoka.

Pale mlangoni Ngatia alisikiliza akiwa na kikombe mkononi. Mlio ukateremka. Ukafika kwenye kona, wala haukukatika. Alingoja mpaka alipousikia ng'ambo ya mto, ukikohoa, ukipanda. Ndipo akakumbuka uji wake. Ulikuwa umepoa.