Goti la Mzee Uweso

Tangu vidonge vipya vya kuondoa maumivu vifike mjini, benchi la Sabra limebaki tupu, na mwenyewe amechoka kwa kukaa kuliko alivyowahi kuchoka kwa kazi. Ana miaka kumi na tisa katika fiziotherapia, kwenye zahanati moja ya Raskazone. Watu humwita Mama Mazoezi. Wakishalala kitandani kwake humwita kwa majina mengine yasiyoandikika. Halaumu vidonge. Nani anayependa kuumwa?

Aliyemnyima raha ni Mzee Uweso, muuza nazi wa Pangani, aliyevunjwa goti na bodaboda. Alipofunguliwa hogo, ile plasta ya mguuni, goti lilikunjika kidogo tu. Alitaka jambo moja: asujudu chini na wenzake, asiswali kitini kama mgeni rasmi. Sabra alimwambia wazi kwamba wiki sita za mwanzo ndizo zake. Goti lisipokunjwa sasa, litakauka hivyohivyo.

Akaja mara tatu, akipiga kelele zilizosikika hadi barabarani. Kisha daktari akamwandikia vidonge hivyo, akapotea. Sabra akampigia simu.

"Shikamoo mzee. Mbona kimya?"

"Marahaba mwanangu. Haliumi, alhamdulillahi. Nije kufanya nini?"

"Linakunjika?"

"Nakwambia haliumi!"

Akapiga tena na tena, mpaka mzee akaacha kupokea.

Wiki ya tisa alirudi mwenyewe. Siku ya Idd, msikitini, goti lilikataa kushuka. Safu nzima ilikuwa chini, yeye kasimama peke yake kama mnazi. Alisimulia huku machozi yakimlengalenga, na Sabra naye roho ikamuuma.

Alimlaza, akaanza kulikunja goti taratibu.

"Ukiumia sema, mzee."

"Haliumi."

Akaongeza nguvu. "Sasa je?"

"Haliumi hata chembe."

Mikono ya Sabra ikasita. Miaka yote hiyo, kelele za wagonjwa ndizo zilizomwambia aishie wapi. Sasa hakujua kama bado kidogo au tayari anavunja. Akaogopa, akaliachia.

"Nitaongea na daktari usimamishe vidonge siku mbili tatu," alisema. "Kisha uje na maumivu yako, tujaribu. Ila umechelewa, siwezi kukuahidi kitu."

Mzee Uweso alimkodolea macho. "Nimekuja unisaidie, nawe waniombea maumivu?"

Akavaa makubadhi yake, akaondoka na mguu wake mkavu, haumwi popote.